Rangi ya kucha ya maji ilivyonisumbua mpaka tukaelewana

Wifi yangu alipokuja kukaa kwangu na mimba ya miezi minne, chupa yangu ya rangi ya kucha ilihamia uani. Nikifungua kifuniko tu, yeye anakimbilia msalani. Chumba chetu hapa Tanga kina dirisha moja, na ile harufu kali hulala humo mpaka asubuhi. Ndiyo nikaagiza rangi ya maji, isiyo na viyeyusho vya kunuka. Niliichagua damu ya mzee, sawa na ile ya zamani, ili nizilinganishe vizuri.

Chupa imeandikwa kwamba haina kemikali kumi. Tatu zinazolaumiwa zaidi nazijua: toluini, fomaldehaidi na DBP. Hizo saba nyingine kila kiwanda hujihesabia chake. DBP ilipoanza kukataliwa, viwanda vingine vilitia badala yake kemikali iitwayo TPHP ili rangi isipasuke, na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakakuta dalili zake kwenye mkojo wa wanawake saa 10 hadi 14 baada ya kupaka. Namba ya mbele siku hizi siitazami. Nageuza chupa nisome orodha.

Nilipaka Ijumaa jioni, nikalala nimefurahi. Asubuhi nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi za wali, nikaona kitu chekundu juu ya machicha. Rangi ya gumba ilikuwa imevuka nzima, kama gamba la nyoka.

"Wifi," akasema mwenzangu, "leo tunakula wali wa nazi au wa kucha?"

Kosa halikuwa la rangi peke yake. Mikono yangu haikosi mafuta: ya nazi, ya nywele, ya kujipaka. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta hata kidogo. Tena nilikuwa nimetoka kufua, na ukucha ulioloweka huvimba, kisha ukikauka unasinyaa na kuiachia rangi.

Mara ya pili nikapaka kidole hiki mpya, kinachofuata ya zamani, mikono yote miwili, maana mkono wa kulia ndio unaotumika zaidi na nisingependa kuonea rangi yoyote. Nilifuta kila ukucha kwa pamba yenye spiriti. Nikapaka tabaka mbili, nyembamba sana, ile ya kwanza ikionekana kama nimekosea, na brashi nikaipitisha mpaka kwenye ncha ya ukucha. Kati ya tabaka na tabaka nikangoja dakika kumi mbele ya feni, kwa sababu joto letu la pwani lina unyevu na maji ya rangi hayana haraka ya kukauka. Vyombo vya usiku ule aliosha wifi. Hilo ndilo sharti gumu kuliko yote: ukiigusa imeshakauka, lakini maji moto kabla ya asubuhi yanailegeza.

Siku ya tatu zote zilikuwa nzima, ila mpya imepungua mng'ao. Siku ya tano nilifua mashuka. Ile ya zamani ikabanduka vipande vidogo kwenye ncha. Mpya ikainuka ukingoni kwenye vidole viwili, na ikishainuka usiivute, itakuja yote. Siku ya sita ilikuwa imebaki kwenye vidole vinne kati ya sita.

Kwa mwingine hizo ni siku chache. Mimi napaka nikiwa kwenye siku zangu tu, maana rangi inazuia maji ya udhu, kwa hiyo sita zinanitosha. Kabla ya josho naloweka vidole kwenye maji moto, naikwangua kwa kijiti cha mwanzi, asetoni siigusi.

Sasa wifi ana miezi minane na miguu yake haifikii. Jana amejinyoosha mkekani, kanipa vidole kumi vya miguu, chupa imefunguliwa karibu na pua yake, naye anakula embe.