Aliyemkaribisha Kirk Franklin

"Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Zaburi 27:10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila ninaposikiliza nyimbo za Kirk Franklin, mwanamuziki wa injili, moyo wangu humwendea bibi aliyemlea. Kirk alizaliwa mwaka 1970 mjini Fort Worth, Texas, nchini Marekani. Mama yake alikuwa bado binti mdogo, hakuweza kumlea. Baba hakuwapo. Akachukuliwa na Gertrude, bibi wa ukoo wao aliyekwisha kupita miaka 60, naye akamfanya mwanawe kisheria. Mtoto alipoonyesha kipaji cha piano akiwa na miaka 4, mwanamke huyu asiye na mali alikusanya makopo ya alumini akayauza ili apate ada ya mwalimu wa muziki.

Makopo, wapendwa! Daudi anasema Bwana atanikaribisha kwake, na kwa Kirk makaribisho hayo yalikuja kwa mikono ya mwanamke mzee aliyebeba takataka za watu wengine.

Kisha kanisa nalo likafanya sehemu yake. Akiwa na miaka 11 alikabidhiwa kwaya ya watu wazima katika kanisa la Mt. Rose Baptist. Zifikirieni kwaya zetu: wazee wa besi na akina mama walioimba tangu ujana wao, wanasahihishwa sauti na mtoto wa darasa la tano, nao wanatii. Unyenyekevu wa wanakwaya wale unanigusa kuliko hata kipaji chenyewe.

Ujanani aliiacha njia ya Bwana, hadi kifo cha rafiki yake aliyepigwa risasi kilipomrudisha kanisani. Mwaka 1993 albamu yake ya kwanza, aliyorekodi na kundi la The Family, ilitoka na hatimaye ikauza zaidi ya nakala milioni moja. Tuzo za Grammy zilifuata, nyingi. Lakini mtazameni jukwaani: mara nyingi yeye huhimiza na kuongoza tu, wengine ndio wanaoimba. Alilelewa na mtu wa namna hiyo.

Jeraha la kuachwa halikufutika kwa sababu ya tuzo. Mwaka 2023 alieleza hadharani kwamba kipimo cha vinasaba kilionyesha kuwa mwanamume aliyemdhania baba yake siye. Alikuwa na zaidi ya miaka 50, na bado alilia kama mtoto. Bwana alikuwa amemkaribisha siku nyingi, na bado palikuwa na pa kuponywa.

Katika ushirika wetu wamo mabibi wanaolea wajukuu peke yao. Jumapili hii, baada ya ibada, tuwaulize wanahitaji nini: ada, sare, unga, au mtu wa kumfundisha mtoto kinanda.

Ee Bwana, watie nguvu mabibi hawa. Na mtoto uliyemweka karibu nasi, utupe moyo wa kumfungulia mlango. Amina.