Mtumwa wa Bwana Mpole na Wanafalsafa wa Ireland

Tuchukue mtumwa aliyebahatika kupata bwana mpole. Hapigwi wala hatukanwi, huenda anakotaka, na miaka inapita bila bwana huyo kumzuia katika jambo lolote. Je, ni mtu huru? Anayeamini kwamba uhuru ni kutozuiwa tu analazimika kujibu ndiyo. Nafsi yangu ililikataa jibu hilo kabla sijajua namna ya kulipinga, na aliyenipa hoja ni Philip Pettit, mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 1945 katika kaunti ya Galway, magharibi mwa Ireland.

Mfano wenyewe ni wa kale, lakini Pettit aliupa uhai mpya katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu falsafa ya ujamhuri. Kwake, uhuru ni kutokuwa chini ya mtu anayeweza kukuingilia apendavyo, hata kama leo hapendi kufanya hivyo. Anayeishi kwa hisani ya mwingine hujifunza kumsoma bwana wake uso kila asubuhi, kucheka mizaha isiyochekesha, na kumeza maneno kabla hayajafika ulimini. Ndiyo maana kipimo anachokipendekeza Pettit ni cha macho: raia huru ni yule awezaye kumtazama mwenzake usoni bila woga na bila haja ya kujipendekeza.

Pettit alisoma Maynooth, kwenye chuo maarufu cha kuwaandaa mapadre, na katika dibaji ya kitabu hicho anaeleza kwamba malezi ya namna hiyo yalimwonjesha hali ya kuwa chini ya wakubwa. Siwezi kuisoma dibaji hiyo bila kukumbuka nyumba za Magdalene, ambamo wanawake wa Ireland walifungiwa na kufua nguo bila ujira chini ya uangalizi wa watawa. Ya mwisho ilifungwa Dublin mwaka 1996, na serikali haikuomba radhi hadi mwaka 2013. Sidai kwamba nyumba hizo ndizo zilizozaa nadharia. Nasema tu kwamba nchi hiyo iliwajua vizuri mabwana waliojiita wapole.

Athari kubwa ya Pettit, hata hivyo, ilionekana Hispania. José Luis Rodríguez Zapatero, aliyekuwa waziri mkuu tangu mwaka 2004, alitangaza kwamba fikra za Pettit zilimwongoza, akamwalika Madrid, kisha akamwomba aikague serikali yake kabla ya uchaguzi wa 2008. Pettit alikubali na kutoa tathmini iliyoisifu kwa kiasi kikubwa. Ni nadra mwanafalsafa aliye hai kupewa kazi ya namna hiyo, kwani wengi wao husubiri kufa kwanza ndipo wanukuliwe na wanasiasa.

Mwanafalsafa mwingine wa Ireland, Richard Kearney wa Cork, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafalsafa Mfaransa Paul Ricoeur mjini Paris, ameandika kwa uzuri juu ya kumkaribisha mgeni, ila mimi humsoma zaidi kwa utamu wa lugha yake. Anayenisumbua ni mwanafalsafa Onora O'Neill, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini mwaka 1941 na msomaji makini wa Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani. Amesema kwamba kuongeza imani si lengo la maana, kwa kuwa matapeli nao huaminiwa; la maana ni kuweza kumtambua anayestahili kuaminiwa. Katika mihadhara ya redio iitwayo Reith, aliyoitoa BBC mwaka 2002, alionya pia kwamba ukaguzi usiokwisha, wenye malengo ya namba na fomu za kujaza, huweza kumfanya mwalimu au muuguzi amtumikie mkaguzi badala ya mwanafunzi au mgonjwa.

Nikiwaweka Pettit na O'Neill pamoja, naona mvutano ambao sijaweza kuutatua. Pettit anataka kila mwenye mamlaka awe na wa kumhoji, naye O'Neill anauliza kuhoji kwenyewe kunafanyika vipi na kunaharibu nini. Kisha narudi Madrid na kuona jambo ambalo sikulitilia maanani niliposoma habari hiyo mara ya kwanza: mkaguzi alichaguliwa na mkaguliwa. Zapatero alimwalika Pettit kwa hiari yake, na kwa hiari hiyo hiyo angeweza kutomwalika.