Mvua kubwa, na mawasiliano hayakukatika

Jana usiku nilikodolea macho skrini nikifuatilia kiungo chetu cha redio cha gigahezi 23, kinachobeba simu na data hewani, huku mvua ikimwagika. Kilianza kwenye 256-QAM, yaani namna ya kupakia data kwenye mawimbi kwa alama (maumbo ya wimbi) 256 tofauti, kila alama ikibeba biti 8. Matone yalipozidi, nguvu ya mawimbi yanayopokelewa ikaporomoka. Redio yenyewe, bila mtu kuigusa, ikashuka 64-QAM, ikaja 16-QAM, mwisho QPSK, yenye alama 4 tu: biti 2 kwa alama.

Kasi ilibaki robo, lakini simu za watu hazikukatika! Nilifurahi mno. Alama 256 zikisongamana, kelele kidogo tu inatosha mpokeaji kuichanganya moja na jirani yake. Zikiwa 4 zimeachana mbali, anazitambua hata mawimbi yakiwa dhaifu. Ni kama mtu aliyekuwa akiongea harakaharaka, upepo ukivuma anatamka neno moja moja.

Ila kwa kuwa kasi hupungua, foleni za data lazima zipangwe mapema: sauti itangulie, video isubiri. Wengi hulisahau hili, kisha wanailaumu mvua.

Kufikia saa tisa usiku mvua ilikuwa imekatika, na redio imepanda ngazi zote hadi 256.