Mashine ya MIG bila chupa ya gesi

Mafundi wa kuchomelea wa Birere, mtaa wa Goma, waliniambia kwa sauti moja kwamba mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya unaosukumwa na mashine yenyewe, isiyo na chupa ya gesi ni chuma cha kujaza karakana tu, na mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana kwa kazi yake ya bageti, yaani vijiti vya kuchomelea, alinihimiza niirudishe nilikoinunua. Sikuirudisha. Kazi zangu nyingi ni mageti na madirisha ya tyubu za mraba zenye unene wa milimita 1.5, ambazo bageti huzitoboa kufumba na kufumbua, tena nyingi huzifanyia nje, ambako upepo wa Ziwa Kivu ungeipeperusha gesi kabla haijaufunika mshono. Waya wenye dawa ndani hujitengenezea kinga yake wenyewe unapoungua, na hilo ndilo nililolitaka.

Mshono wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa kichekesho: cheche zilitapakaa kila upande, tyubu ikajaa vidonge vya chuma, nao mshono ukakaa juu juu bila kuingia, hata nilipougonga kwa nyundo ukabanduka mzima. Ushauri ukamiminika. Wa kwanza alisema niongeze moto, nikaongeza, tyubu ikatoboka. Wa pili akaulaumu waya. Wa tatu akaulaumu umeme wa mtaa, ambao kweli una lawama zake, ila siku hiyo nilikuwa natumia jenereta. Hakuna aliyefikiria kutazama ndani. Nilizima kila kitu, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikakuta kebo ya tochi, yaani mkono unaotoa waya, imefungwa kwenye chanya (+), jinsi inavyotakiwa kwa waya mtupu wa kutumia gesi, ilhali waya wenye dawa hutaka tochi iwe kwenye hasi (-) na kibanio cha masi, kile kinachobana chuma kinachochomelewa, kwenye chanya. Spana moja na nati mbili tu, na ule mlio wa kukatikakatika ukatulia, ukawa wa mfululizo kama sambaza zinazokaangwa. Nilimwita mzee aje asikilize. Hakusema neno, lakini siku hizi tyubu nyembamba ananiletea mimi.

Kutoboka kuliisha nilipopunguza moto na kuvuta tochi badala ya kuisukuma, waya ukitokeza kama sentimita moja na nusu. Tyubu zenye zinki zisuguliwe kwanza, kwa sababu moshi wake mweupe huleta homa, na maziwa wanayokunywa vijana hayauzuii.

Magurudumu ya kusukuma waya yawe yenye meno, wala yasikazwe mno, kwani waya huu una uwazi ndani na hupondeka. Mimi huielekeza tochi kwenye kipande cha ubao na kubonyeza: waya ukijikunja, inatosha, gurudumu likiteleza, nakaza kidogo. Rola ndogo ya waya huu hununuliwa kwa dola kumi na kitu, wakati mwingine ishirini, kutegemea muuzaji amekuonaje, na ukiiacha wazi msimu wa mvua itashika kutu, kwa hiyo yangu hulala ndani ya mfuko uliofungwa.