Leo tumejaza bwawa

Jioni hii maji yamefika juu, hapa Kigamboni. Bwawa la fremu za chuma, kipenyo mita 4, kina cha maji mita 1.

Hizo ni lita 12,500 hivi. Tani 12 na nusu zimekaa juu ya udongo!

Ndiyo maana kazi kubwa ni ardhi. Weka pima maji juu ya ubao mrefu, zunguka kutoka katikati. Palipoinuka pachongwe. Usijaze mchanga palipo chini: utadidimia, maji yaegemee huko na miguu ya fremu ipinde.

Maji yalipofika sentimita 5 tukafunga bomba. Nakipenda sana kipande hiki. Unaingia pekupeku, unasukuma mikunjo ya sakafu kwa nyayo kuelekea pembeni, na maji yenyewe yanakuonyesha kama pamesawazika: kina kiwe kile kile kila upande. Yakizidi hapo uzito unabana, mkunjo hautoki tena.

Kisha dawa ya kuua vijidudu, klorini ya unga ya asilimia 65: kwa bwawa hili gramu 40 zinaongeza kama miligramu 2 za klorini kwa lita. Koroga kwenye ndoo, unga uingie kwenye maji, kamwe usimwagie unga maji. Tia jua likizama, pampu ikizungusha. Mchana jua linaila. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ibaki 7.2 hadi 7.6.

Ngazi itolewe watu wakishatoka. Nyumba yenye watoto, hilo halina mjadala.

Wenye maji ya kisima yenye chuma, yale yanayogeuka kahawia ukitia klorini, mnayachuja vipi?