Kumbukumbu ya mradi wangu: vitu vilivyoota katika tangi jipya la mimea

Siku ya 6. Kisiki nilichokiweka katikati ya tangi hili la lita 60, la kufugia mimea na wanyama wadogo wa majini, kimevaa utando mweupe, mzito kama ute na wenye nyuzi kama pamba iliyoloa, kiasi kwamba nilihofu mti umeanza kuoza. Nilipousugua kwa mswaki ulinyofoka vipande vipande, ukiteleza, wala haukuwa na harufu yoyote. Ni bakteria na kuvu wanaojilisha kwa sukari na vitu vingine vinavyotoka katika mti mkavu unapoanza kulowa, na huisha wenyewe chakula hicho kikimalizika. Nimeuacha kama ulivyo.

Siku ya 14. Vumbi la kahawia limefunika kioo na majani ya anubiasi, mmea wa majini. Linafutika kwa kidole bila shida, nami sina shaka kuwa ni diatomu, yaani mwani wa seli moja wenye gamba la silika, ambao ni wa kawaida sana katika tangi changa. Nimefuta kioo tu.

Siku ya 23. Leo nimeona jambo lililonisumbua zaidi. Juu ya changarawe, karibu na kioo cha mbele, kumetanda kitu cha kijani chenye kuelekea samawati, kikiwa na viputo vya hewa vilivyonaswa chini yake, na nilipokiinua kwa kibanio kilibanduka chote kwa pamoja kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Harufu yake ni ya matope yaliyotuama. Mwani wa kijani haubanduki hivyo, wala haunuki hivyo. Hii ni sianobakteria, ambayo watu huiita mwani ingawa seli zake hazina kiini. Wapo wanaoimaliza kwa dawa za kuua bakteria, lakini mimi sikubaliani na njia hiyo katika tangi ambalo bakteria wake wa kugeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu, kuwa nitriti, kisha nitrati, ndio kwanza wanajenga makao, kwa sababu dawa inaweza kuwadhuru hao pia. Nimeuvuta utando wote kwa bomba la mpira, nimepunguza saa za taa kutoka 10 hadi 6, na nimeelekeza mkondo wa kichujio kwenye kona hiyo ambako maji yalikuwa yamelala.

Siku ya 31. Sianobakteria haijarudi. Kamba wadogo sita, niliowaingiza siku ya 27 baada ya vipimo vya amonia na nitriti kusoma sufuri, wanakula vizuri.

Usiku, nikiwa na tochi na kioo cha kukuzia, niliona kwenye kioo cha nyuma vijishina vyeupe 11, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 8 hivi na minyiri myembamba iliyopepea polepole. Niligusa kimoja kwa ncha ya sindano, nacho kikajikunyata mara moja kikawa kitone kidogo kisichozidi kichwa cha pini, kisha baada ya dakika kadhaa kikajinyoosha tena. Mwani haufanyi hivyo. Wala si planaria, kwa kuwa planaria ni mnyoo bapa mwenye kichwa cha pembetatu na hutambaa kwa kuteleza. Hawa ni haidra, wanyama wadogo wa maji baridi, na yamkini waliingia pamoja na mimea. Mmoja alikuwa na kichipukizi ubavuni chenye minyiri yake mwenyewe, mtoto ambaye bado hajaachana na mzazi, na nilibaki nikimtazama muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Sikuwaponda. Mwanasayansi Abraham Trembley alionyesha katika miaka ya 1740 kwamba haidra akikatwa, vipande vyake hukua kuwa haidra kamili, kwa hiyo kuwaponda juu ya kioo ni kujitafutia idadi kubwa zaidi. Minyiri yao ina seli zinazochoma, na ingawa kamba wazima hawatishiki sana, watoto wao wachanga wanaweza kuliwa. Nimepunguza chakula, maana mabaki yake ndiyo yanayolisha vidudu ambao haidra huwawinda.

Siku ya 38. Haidra waliobaki ni 4. Ila kwenye ukingo wa jani moja la anubiasi pameota kishungi cheusi, kifupi, kigumu, ambacho hakikung'oka hata nilipokivuta kwa kibanio. Nilikata ncha ya jani nikailoweka katika spiriti, na kishungi kikageuka kuwa chekundu. Licha ya weusi wake, ni katika jamii ya mwani mwekundu. Kesho nitakata jani lote kabla halijaambukiza mengine.