Ufa kwenye nyumba ya wazee Mwanza: hela ya lipu isubiri

Picha ya ukuta uliopasuka inaingia WhatsApp usiku, chini yake ujumbe: "Kaka, fundi anasema laki tano inatosha." Wengi wetu tulio huku mbali na nyumbani tunatuma. Ufa unazibwa, lipu inapigwa, rangi inapakwa, na masika ikipita ufa umerudi palepale. Lipu haishiki nyumba. Kinachoishika kiko chini, na huko chini Mwanza haifanani mtaa kwa mtaa.

Kwa nyumba za mlimani, Mabatini, Igogo au Isamilo, uliza kwanza imekalia nini. Za zamani nyingi ziko nusu juu ya jabali, nusu juu ya kifusi kilichojazwa kusawazisha kiwanja. Upande wa jabali hausogei, wa kifusi unazama, na ukuta unapasuka pande hizo zinapokutana: ufa wa wima, au wa kupanda ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali, mpana juu na mwembamba chini. Halafu kuna maji ya mlimani. Mawe ya misingi ya zamani mara nyingi yalijengewa udongo, si saruji. Maji yakipita kando yanaukomba kidogo kidogo, mpaka mkono unapita chini ya ukuta.

Bondeni kwenye mbuga, ule udongo mweusi, ni habari nyingine. Unavimba ukilowa, unasinyaa ukikauka. Ufa unaofunguka Agosti na kujifunga Aprili ni wa mbuga. Ukiujaza saruji wakati wa kiangazi, udongo ukivimba ukuta hauna pa kurudi, unapasukia pembeni.

Kwa hiyo pima kabla ya kutuma. Aliye nyumbani aweke alama za penseli pande zote mbili za ufa, juu, katikati na chini, aandike tarehe hapohapo ukutani, kisha apime kwa rula kila mwisho wa mwezi. Kipande chembamba cha kioo kilichogandishwa kwa saruji kuvuka ufa nacho kinasema ukweli: kikivunjika, nyumba inatembea. Ufa usiofika milimita 2 na usiobadilika, achana nao. Ukizidi milimita 5, au milango imeanza kugoma kufunga, ita mhandisi.

Kisha ondoa maji. Weka gata, chimba mfereji upande wa mlimani, ziba bomba linalovuja, sogeza karo la maji machafu lililo karibu na ukuta. Zungushia nyumba sakafu ya zege yenye upana wa mita 1, iteremke sentimita 3 hadi 5 kwenda nje. Mkaratusi uliopandwa karibu na ukuta kwenye mbuga unanyonya maji yote chini ya msingi. Huo ukatwe, hata mzee akiulilia. Mara nyingi nyumba inatulia hapa, kabla hujagusa msingi wenyewe.

Isipotulia, msingi unaongezwa chini, na hapa ndipo nyumba zinapoangushwa. Fundi mwenye haraka anachimba mtaro mmoja mrefu chini ya ukuta, na ukuta unamfuata. Gawa ukuta vipande vya mita 1, vipe namba. Kwa ukuta wa mita 8, chimba 1 na 5, ukimaliza 3 na 7, halafu 2 na 6, mwisho 4 na 8. Shuka hadi ardhi ngumu au jabali. Jabali lenye mteremko lichongwe ngazi na lioshwe tope, la sivyo zege litateleza juu yake.

Shimo la urefu wa mita 1, upana sentimita 60, zege la kimo cha sentimita 80, linakula karibu mifuko 3 ya saruji. Kila mfuko wa kilo 50: ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Zege liishie sentimita 7 chini ya msingi wa zamani. Baada ya siku mbili, jaza nafasi hiyo kwa mota kavukavu, saruji moja kwa mchanga tatu, inayoshikamana ukiifumbata lakini haikuachii maji mkononi, ishindiliwe kwa kipande cha mbao mpaka igome. Zege bichi likigusana moja kwa moja na msingi wa juu hunywea likikauka na kuacha mwanya, na ukuta unashukia humo. Subiri siku tatu ndipo uchimbe kipande cha jirani.

Ziwa likipanda, kama 2020 na 2024, mashimo ya ufukweni hujaa maji kabla ya zege. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Jua mpaka wako kwanza.

Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti. Likizo zetu za Desemba zinaangukia mvua za vuli, na shimo lenye maji chini ya ukuta ni hatari. Lipa kwa shimo, baada ya kuona video yenye futi kamba ndani yake kabla halijafukiwa. Lipu na rangi zisubiri masika moja ipite bila alama za penseli kuachana.